Kuanza Kuongoza Video za Muziki kwa Njia ya Michel Gondry

Michel Gondry, mmoja wa waongozaji waliobadilisha sura ya video za muziki duniani, aliingia kwenye kazi hiyo akiwa mpiga dramu. Alizaliwa Versailles, Ufaransa, mwaka 1963, katika ukoo uliozoea vyombo vya muziki: babu yake, Constant Martin, ndiye aliyebuni Clavioline, kinanda cha umeme cha mwaka 1947. Yeye na marafiki wa chuo cha sanaa, akiwemo Étienne Charry, waliunda bendi iliyoitwa Oui Oui. Gondry alikaa kwenye dramu, na bendi ilipohitaji video, yeye ndiye aliyeshika kamera.

Vijana wanaotaka kazi hii huuliza swali lilelile: mtu asiye na kamera ya maana, asiye na bajeti na asiyejulikana aanzie wapi? Miaka ya mwanzo ya Gondry, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 1997, ina jibu ambalo mtu anaweza kulifanyia kazi. Gondry alijenga picha juu ya hesabu ya wimbo, na hesabu hiyo aliimaliza kabla ya kuwasha kamera. Hatua zinazofuata zinaonyesha namna ya kufanya hivyo, mahali ambapo wengi hukosea, na mambo ya kuangalia pale fedha za watu wengine zinapoingia.

## Safari yenyewe kwa ufupi

- 1989 na 1991: Oui Oui inatoa albamu mbili, *Chacun tout le monde* na *Formidable*. Gondry anaongoza video za bendi.
- 1992: Bendi inavunjika.
- 1993: Björk, mwimbaji wa Iceland aliyevutiwa na video za Oui Oui, anampa "Human Behaviour". Mwaka huohuo anaongoza "Believe" ya Lenny Kravitz.
- 1995: "Protection" ya Massive Attack, "Army of Me" ya Björk na "Like a Rolling Stone" ya Rolling Stones.
- 1996: "Sugar Water" ya Cibo Matto.
- 1997: "Around the World" ya Daft Punk, "Everlong" ya Foo Fighters na "Bachelorette" ya Björk.

Miaka kadhaa ilipita kati ya video za mwanzo za Oui Oui na simu ya Björk. Anayeanza asijipe miezi 6 kisha akate tamaa.

## Hatua ya 1: Wimbo wa mtu wa karibu

Gondry alikuwa na bendi, na bendi ilikuwa na nyimbo. Hakuhitaji kusubiri msanii mkubwa. Kamera yake ilikuwa Bolex ya milimita 16. Bolex huendeshwa kwa springi inayojazwa kwa mkono kama saa ya ukutani ya zamani, na ikijazwa hadi mwisho hukimbia takriban nusu dakika tu kwa fremu 24 kwa sekunde. Rola la filamu la futi 100 huisha kabla ya dakika 3. Faida yake kubwa ni kwamba inaweza kupiga fremu moja moja: kitu kinasogezwa kidogo, fremu inapigwa, kinasogezwa tena. Mtindo wa video za Oui Oui, wenye uhuishaji na mandhari za kutengenezwa kwa mkono, ulitokana na kile ambacho kamera hiyo iliweza kukifanya vizuri.

Leo simu ya kawaida hufanya kazi hiyo bila gharama ya filamu. Kinachotafutwa ni wimbo. Unaweza kutoka kwa kwaya ya kanisani, kundi la singeli la mtaani, kikundi cha taarabu au rafiki mwenye studio chumbani. Msanii wa karibu ana faida hizi:

- Hana haraka, kwa hiyo kipande kilichoharibika kinaweza kurudiwa.
- Anaweza kutoa faili la kila chombo peke yake: ngoma, besi, kinanda, sauti. Faili hizo zina thamani kubwa katika hatua ya pili.
- Yuko tayari kujaribu jambo ambalo msanii mwenye jina angelikataa.
- Prodyuza wake anafikika, na maswali kuhusu biti yanajibiwa siku hiyohiyo.

Tahadhari. Urafiki haufuti haja ya maandishi. Nusu ukurasa unatosha, mradi useme nani anamiliki video, jina la mwongozaji litaandikwa wapi, na kwamba mwongozaji anaruhusiwa kuionyesha kama sampuli ya kazi yake.

## Hatua ya 2: Kuhesabu wimbo kabla ya kugusa kamera

Kwa mpiga dramu, wimbo ni mapigo, baa na vipande vinavyojirudia. Mazoea hayo ya Gondry yanaonekana waziwazi kwenye "Around the World". Kila chombo cha wimbo kimepewa kundi la wachezaji: maroboti wanazunguka jukwaa kwa kufuata sauti ya kuimba, wanariadha warefu wanapanda na kushuka ngazi kwa kufuata besi, wanawake waliovaa kama waogeleaji wanafuata kinanda, mifupa inafuata gita, na maiti zilizofungwa vitambaa zinafuata mashine ya ngoma. Besi ikishuka, wanariadha wanashuka. Mtazamaji asiyejua lolote kuhusu muziki anaona jinsi wimbo ulivyoundwa.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi:

1. Kupata kasi ya wimbo. Prodyuza anaijua, maana imeandikwa kwenye mradi wake kama idadi ya mapigo kwa dakika, yaani BPM.
2. Kuchagua kasi ya kamera. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, hivyo fremu 25 kwa sekunde, na shata ya 1/50, hupunguza kupepesa kwa taa. Simu nyingi huja zimewekwa fremu 30, kwa hiyo mpangilio huo ubadilishwe mapema.
3. Kutafuta fremu za pigo moja. Fremu za sekunde moja huzidishwa kwa 60, kisha jibu hugawanywa kwa kasi ya wimbo. Kwa fremu 25, hesabu ni 1500 kugawanya kwa BPM.

Mifano ya fremu 25 kwa sekunde:

- BPM 75: fremu 20 kwa pigo
- BPM 100: fremu 15
- BPM 120: fremu 12 na nusu, hapa ni rahisi kuhesabu mapigo mawili pamoja, yaani fremu 25
- BPM 125: fremu 12
- BPM 150: fremu 10
- BPM 250, kasi ya singeli: fremu 6

Kosa linalojificha. Wimbo wa BPM 110 una fremu 13.64 kwa pigo. Mtu akikata kwa kurahisisha kuwa 14 na kuendelea hivyo, baada ya mapigo 64, yaani baa 16 tu, picha itakuwa imechelewa kwa fremu 23, karibu sekunde nzima. Dawa yake ni kuhesabu kila pigo kutoka mwanzo wa wimbo: namba ya pigo huzidishwa kwa 1500, hugawanywa kwa 110, ndipo jibu likakadiriwa. Hivyo kosa halizidi nusu fremu.

Singeli ina shida yake. Picha inayobadilika kila fremu 6 huchosha macho ndani ya dakika moja. Afadhali kipimo kiwe baa: kwa BPM 250, baa ya mapigo manne ni fremu 24, chini kidogo ya sekunde moja, na jicho linawahi kuona kilichomo.

Baada ya hesabu huja ramani ya wimbo. Karatasi ya miraba ya daftari la hisabati inafaa kabisa. Kila safu ya kulala ni chombo, kila safu ya kusimama ni baa nne. Mraba hupakwa rangi pale chombo kinaposikika na kuachwa mweupe pale kinaponyamaza. Ramani ikikamilika huonyesha mambo ambayo sikio pekee huyapita: kwamba besi haipo kabisa kwenye vesi ya kwanza, au kwamba kiitikio cha tatu kina chombo kimoja zaidi. Mahali hapo ndipo picha nayo inapaswa kubadilika.

## Hatua ya 3: Kanuni moja kwa kila video

Video nyingi za Gondry zinaweza kuelezwa kwa sentensi moja, na sentensi hiyo ndiyo kanuni iliyotawala kila uamuzi mwingine.

- "Protection": kamera inatembea mbele ya jengo la ghorofa ambalo ndani yake kunaonekana kana kwamba halina ukuta wa mbele, na picha inaonekana kama haikukatwa hata mara moja.
- "Sugar Water": skrini imegawanywa mara mbili, upande mmoja siku inakwenda mbele, upande wa pili inarudi nyuma.
- "Around the World": kila chombo kina kundi lake la wachezaji.
- "Fell in Love with a Girl" ya White Stripes, ya mwaka 2002: bendi ilipigwa picha kwanza, kisha picha hizo zikajengwa upya kwa matofali ya Lego, fremu kwa fremu.

Kanuni nzuri hupimwa kwa maswali matatu:

1. Je, inaelezeka kwa mtu aliye sokoni bila kuchora chochote?
2. Je, imetoka ndani ya wimbo huu, kiasi kwamba isingeweza kuwekwa kwenye wimbo wowote tu?
3. Je, inaweza kutekelezwa kwa vitu na watu waliopo?

Jibu likiwa "hapana" kwa swali la pili, wazo lirudishwe mezani. Wengi hujikwaa hapo: wazo linavutia, ila wimbo umebaki kuwa sauti ya kusindikiza.

## Hatua ya 4: Kujaribu mezani

Kwa "Star Guitar" ya Chemical Brothers, iliyotoka mwaka 2002, Gondry alipiga picha kupitia dirisha la treni kati ya Nîmes na Valence. Nguzo, nyumba, madaraja na mabehewa hupita dirishani kwa kufuata kila sauti ya wimbo, na mandhari hayo yaliunganishwa kwa kompyuta. Kabla ya hapo alijaribu wazo nyumbani kwa kupanga machungwa, uma, kanda na vitabu kwa mstari, kila aina ya kitu ikisimama badala ya sauti fulani.

Jaribio kama hilo halina gharama, na humwonyesha mwongozaji kasoro mapema:

- Zichukuliwe aina tano za vitu vya jikoni: vijiko kwa pigo la juu, sufuria kwa pigo zito, vikombe kwa besi, na kadhalika.
- Vipangwe mezani kwa mfuatano wa baa nane za kiitikio.
- Simu ipitishwe juu yake taratibu wimbo ukichezwa, hata kama itabidi kurudia mara nyingi.
- Aitwe mtu asiyejua wazo. Akitambua mwenyewe kwamba sufuria ni ngoma, wazo linasomeka. Akiuliza "hii ni nini?", kuna aina nyingi mno za vitu au vinapishana haraka kupita kiasi.

## Hatua ya 5: Siku ya kushuti

Mbinu tatu alizotumia Gondry na waongozaji wa rika lake zinafaa kwa anayeanza kwa sababu zinahitaji muda kuliko fedha.

Fremu kwa fremu. Si lazima kupiga picha 25 kwa kila sekunde. Picha moja inaweza kukaa fremu mbili, na mwendo ukaonekana vizuri. Kwa kipimo hicho, sekunde 16 za kiitikio ni picha 200. Kila picha ikichukua dakika moja kupangwa, hiyo ni kazi ya saa 3 na dakika 20. Wimbo mzima wa dakika 3 ungedai picha 2,250, yaani saa 37 na nusu. Kwa hiyo uhuishaji ubaki kwenye kiitikio, na vesi zipigwe kwa njia ya kawaida. Mambo ya kuzingatia:

- Simu ifungwe kwenye stendi, isiguswe kwa kidole. Itumike earphone au kifaa cha bluetooth kubonyeza.
- Umakini wa lenzi na mwanga vifungwe, visijibadilishe vyenyewe.
- Madirisha yazibwe kwa pazia zito. Jua husogea, na wingu moja likipita picha hupepesa.
- Kazi ifanywe kwa taa zilezile, na mpigaji avae nguo nyeusi ili asiakisi mwanga.
- Chaji na nafasi ya kuhifadhia zikaguliwe kabla ya kuanza. Simu ikizimika kwenye picha ya 140, kuirudisha palepale ilipokuwa ni karibu muhali.

Kurudisha nyuma. Mchezaji akitembea kinyumenyume na picha ikageuzwa, ulimwengu wote hurudi nyuma yeye akienda mbele. Ugumu ni midomo. Wimbo lazima ugeuzwe kwenye kompyuta na mwimbaji ajifunze kuuimba kinyume, kama walivyofanya The Pharcyde kwenye "Drop", video ya Spike Jonze ya mwaka 1996. Anayeanza atafute mistari miwili tu ya kuimbwa hivyo, au mwimbaji afumbe mdomo.

Mwendo wa taratibu wenye midomo sahihi. Wimbo huchezwa kwa kasi maradufu kwenye spika, mwimbaji anaufuata, na kamera inapiga fremu 50 kwa sekunde. Ikichezwa kwa fremu 25, midomo inakaa sawa na wimbo wa kawaida huku nguo na nywele zikielea. Faili la kasi maradufu liandaliwe usiku uliotangulia. Kulitafuta huku wachezaji wamesimama juani ni kupoteza siku.

Kwa mbinu yoyote, spika iwe kubwa ya kutosha kusikika na wachezaji wote, na wimbo uanze na mlio wa kuhesabu nne. Hapo kila mtu anaanza kwa pamoja, na mhariri anapata alama ya kuoanishia sauti na picha.

## Hatua ya 6: Kazi ya kwanza ya mtu mwingine

"Human Behaviour" ilikuwa singo ya kwanza ya albamu *Debut* ya Björk. Gondry alileta msitu wa kutengenezwa, kalunguyeye, na dubu anayeonekana waziwazi kuwa mwanasesere mkubwa. Ule mkono uliotengeneza video za Oui Oui unaonekana, ila sasa unahudumia hadithi ya msanii mwingine. Björk alirudi kwake mara kadhaa baada ya hapo, na ushirikiano huo uliwajenga wote wawili.

Anayepewa kazi ya kwanza na msanii asiye rafiki yake afuate utaratibu huu:

1. Kusikiliza kabla ya kupendekeza. Msanii aulizwe wimbo ulitoka wapi, anaona picha gani anapouimba, na kitu gani hataki kabisa kukiona.
2. Kuandika wazo kwa ukurasa mmoja. Kanuni ya video kwa sentensi moja, ramani ya wimbo, michoro sita au minane, na orodha ya mahitaji.
3. Kuonyesha jaribio la sekunde 15. Kipande cha mezani kilichowekwa wimbo wenyewe hushawishi kuliko maneno ya saa nzima.
4. Kukubaliana kwa maandishi. Malipo ya awali kabla ya kushuti, idadi ya marekebisho baada ya kuhariri, tarehe ya kukabidhi, na nani anabaki na picha ghafi.
5. Kupata vibali. Tanzania na Kenya zote zina sheria za vibali vya kupiga picha za filamu. Droni zinahitaji idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga, na mwenye nyumba au duka naye aulizwe. Maswali ya hakimiliki hupelekwa COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya.

Gondry hakubeba kila kitu peke yake. Kampuni ya Partizan, iliyoanzishwa na Georges Bermann, ilisimamia utayarishaji. Miondoko ya "Around the World" ilipangwa na Blanca Li. Picha za "Like a Rolling Stone", ambamo picha za mnato zilizopigwa kutoka pembe tofauti huunganishwa hadi zikaonekana kuelea hewani, zilifanywa pamoja na wataalamu wa kompyuta wa BUF. Anayeanza naye anahitaji watu wawili mapema: mmoja wa kushika fedha na ratiba, mwingine wa kuhariri. Mwongozaji anayejadili bei ya chakula huku akipanga mwanga hukosea vyote viwili.

## Makosa yanayojirudia

- Kununua kamera kabla ya wazo. Deni la kamera humlazimisha mtu kukubali kila kazi, na hapati muda wa kujenga mtindo.
- Kuweka mawazo matano kwenye video moja. Mawazo manne kati ya hayo yangetosha video nne.
- Kukata kila pigo. Macho huzoea, na kiitikio kinapofika hakuna kilichobaki cha kuongeza.
- Kutumia mbinu ileile mfululizo. Matofali ya Lego ya White Stripes hayafanani na treni ya "Star Guitar", ingawa zote mbili zilitoka mwaka 2002.
- Kumsahau msanii. Mashabiki wanakuja kumwona yeye. Hata kwenye video yenye maroboti na mifupa, uso wa mwimbaji upewe nafasi wimbo unapouhitaji, isipokuwa msanii mwenyewe ameamua kujificha, kama Daft Punk.
- Kutohifadhi nakala. Picha za siku nzima zikae sehemu mbili kabla ya kulala: kompyuta moja na diski ya pembeni.

## Mashaka yanayosikika mara nyingi

"Wasanii wa huku wanataka magari na nyumba za kifahari, si sufuria." Wengi wanataka hivyo kwa sababu ndicho walichokwisha kukiona. Jaribio la sekunde 15 hubadilisha mazungumzo. Tena gari halikatazwi: kanuni inaweza kuwa magari matatu yanayopita kwa mapigo ya besi. Gari la kuazima saa mbili bila wazo hutoa kichupa kinachofanana na vingine vyote vya wiki hiyo.

"Siku hizi kompyuta inafanya yote." Gondry naye alitumia kompyuta tangu mapema. Ila kompyuta ilipokea mpango uliokwisha kuhesabiwa. Bila ramani ya wimbo, programu yenye uwezo mkubwa hutoa madoido mengi yasiyohusiana na muziki.

"Kufuata mbinu zake si kuiga?" Kuchukua treni yake, au maroboti yake kwenye jukwaa la duara, ni kuiga. Kuhesabu baa na kuweka kanuni moja ni ufundi wa kazi, kama kupima kitambaa kabla ya kukata. Gondry mwenyewe alipotengeneza "Human Behaviour" alitiwa hamasa na filamu ya uhuishaji ya Yuri Norstein ya mwaka 1975, yenye kalunguyeye aliyepotea ukunguni. Alichukua hali ya msitu ule, akaitia ndani ya wimbo wenye maana yake tofauti.

"Lazima kusoma chuo cha filamu?" Masomo ya Gondry yalikuwa ya sanaa. Kilichomsaidia zaidi ni kuchora na kujua muziki. Asiyejua kuchora ajifunze angalau kuchora watu wa vijiti wanaosomeka. Asiyepiga chombo ajifunze kuhesabu baa kwa mkono mpaka izoeleke.

"Video ikitoka na isitazamwe?" Idadi ya watazamaji wa wiki ya kwanza hutegemea jina la msanii kuliko kazi ya mwongozaji. Oui Oui haikuwa bendi maarufu duniani, hata hivyo video zake zilimfikia mtu mmoja aliyeleta kazi. Video nzuri ya msanii mdogo ibaki kwenye orodha ya sampuli na itumwe kwa maprodyuza na mameneja, mmoja mmoja, kwa ujumbe unaotaja wimbo wa msanii wao na sababu ya kuwaandikia.

## Baada ya video: matangazo na filamu

Gondry alihamia pia kwenye matangazo ya biashara, na tangazo lake la Levi's la katikati ya miaka ya 1990 lilipata tuzo nyingi. Matangazo hulipa vizuri na hufundisha nidhamu ya sekunde 30, ila mteja ndiye mwenye neno la mwisho. Anayeyakubali ajue mapema kwamba uhuru wa video ya rafiki haupo huko.

Filamu ndefu ni kazi nyingine kabisa. Ya kwanza ya Gondry, *Human Nature* ya mwaka 2001, ilipokelewa bila shangwe kubwa. Ya pili, *Eternal Sunshine of the Spotless Mind* ya mwaka 2004, iliwapa yeye, Charlie Kaufman na Pierre Bismuth tuzo ya Oscar ya mswada bora wa asili. Filamu zote mbili ziliandikwa na Kaufman, mwandishi aliyebobea. Ustadi wa kupanga picha kwa baa nne hausaidii sana mazungumzo ya dakika 10 kati ya watu wawili jikoni, na Gondry alishirikiana na mtu aliyeyajua hayo.

Dalili kwamba mwongozaji wa video yuko tayari kwa hatua hiyo ni nne:

- Ana angalau video tatu ambazo kanuni zake hazifanani.
- Anaweza kukamilisha kazi kwa bajeti na tarehe iliyokubaliwa, na kuna watu watakaothibitisha hilo.
- Ameshatengeneza filamu fupi ya dakika 5 hadi 10 yenye mazungumzo, isiyo na wimbo wa kuificha.
- Ana mwandishi anayemwamini.

Dalili moja ikikosekana, mwongozaji aendelee na video huku akiijenga hiyo. Pasipo filamu fupi, aitengeneze kwa watu walewale aliofanya nao video. Pasipo mwandishi, amtafute kabla ya kutafuta fedha.